Kuigawa Diski ya Kuwashia Kabla ya Kusimika Unix

Mwaka 2012 Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, iligawanywa, na Wilaya ya Kyerwa ikazaliwa. Mpaka huo ulipowekwa hapakuwa na kilima kilichohama. Mto Kagera uliendelea kupita palepale unapotutenga na Rwanda na Uganda. Migomba na mibuni ya Nkwenda, Kaisho na Mabira ilibaki katika udongo wake uleule. Kilichobadilika ni daftari: vijiji vilivyokuwa vikiandikwa chini ya Karagwe sasa viliandikwa chini ya Kyerwa. Hata hivyo badiliko hilo la daftari lilikuwa na nguvu kubwa, kwani baada yake kila wilaya ilikuwa na halmashauri yake, bajeti yake na kumbukumbu zake.

Diski ya kompyuta nayo hugawanywa kwa njia inayofanana sana na hiyo. Anayesimika mfumo wa Unix huulizwa, mapema kabisa katika kazi yake, jinsi anavyotaka diski igawanywe. Watu wengi hubonyeza jibu la kwanza linalojitokeza na kuendelea. Madhumuni ya makala haya ni kumweleza msomaji kinachotendeka anapojibu swali hilo, na kumwonyesha kwamba mgawanyo mwema hufuata kanuni moja: vitu vinavyoweza kupatikana tena vitengwe na vitu visivyoweza kupatikana tena.

Kanuni hiyo ina uzito wa pekee katika maeneo kama Karagwe na Kyerwa. Kompyuta ya shule ya sekondari huwa na alama za wanafunzi za miaka kadhaa. Ya chama cha msingi cha ushirika huwa na hesabu ya kilo za kahawa ya maganda ambazo kila mkulima amepeleka ghalani. Ya redio ya jamii huwa na sauti za wazee ambao pengine wamekwisha kufariki. Mfumo wa Unix wenyewe ukiharibika, fundi huusimika upya kwa muda wa saa moja hivi kutoka katika flashi. Lakini hesabu ya kilo za mkulima ikifutika hakuna flashi ya kiwandani itakayoirudisha, na siku ya malipo ikifika ugomvi hautakuwa wa kompyuta bali wa watu. Tena fundi mwenyewe hayuko mlangoni: kutoka Kayanga hadi Bukoba ni zaidi ya kilometa 100, na anayetoka Murongo ana safari ndefu zaidi. Kwa hiyo yafaa mwalimu au karani aliyeko hapohapo aijue kazi hii.

UNIX NA JAMAA ZAKE

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Makala yao mashuhuri ya kuueleza mfumo huo yalichapishwa mwezi Julai 1974. Mwaka huohuo wa 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya jaribio la kuziendesha hesabu za serikali kwa mashine hizo kwenda vibaya. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, na kompyuta ndogo za mezani zikaenea. Lakini fundisho lake halijachakaa: mashine ikitangulia na mpango ukifuata nyuma, hasara huwa kubwa kuliko faida.

Leo jina la Unix hutumika kwa ukoo mzima. Wamo FreeBSD ya mwaka 1993 na OpenBSD ya mwaka 1995, ambazo zimetokana na Unix iliyoendelezwa katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Imo pia Linux, ambayo kiini chake kilianza kuandikwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991. Linux haikunakili maandishi ya Unix ya kwanza, ila imefuata mwenendo wake. Debian na Ubuntu, zinazosimikwa sana katika kompyuta za shule kwa kuwa hazina malipo ya leseni, ni za tawi hilo la Linux. Mengi yatakayoelezwa hapa yanahusu ukoo wote. Panapokuwa na tofauti tutaitaja.

DISKI NA SEKTA ZAKE

Diski, iwe ya sahani za sumaku zinazozunguka au ya vichipu visivyo na kitu kinachozunguka, hujitambulisha kwa kompyuta kama mstari mmoja mrefu wa visanduku vyenye namba. Kila kisanduku huitwa sekta. Kwa kawaida sekta huhesabiwa kuwa na baiti 512, ingawa diski nyingi za sasa hutumia ndani yake vipande vya baiti 4,096. Diski ya kawaida ya gigabaiti 500 huwa na sekta 976,773,168, zilizopewa namba kuanzia 0 hadi 976,773,167.

Hapa hapana budi kuondoa shaka moja. Mtengenezaji wa diski huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni 1. Programu nyingi huhesabu kwa mafungu ya 1,024, na kwa hesabu hiyo gigabaiti moja ni 1,024 × 1,024 × 1,024, yaani baiti 1,073,741,824. Kwa njia hiyo ya pili diski iliyouzwa kama ya 500 huonekana kuwa na takriban 465. Hakuna kilichoibwa, ni vipimo viwili tofauti vilivyopewa jina moja. Katika mfano wetu hapa chini tutatumia kipimo cha pili.

JEDWALI LA VITALU

Fungu la sekta zinazofuatana, lenye mwanzo na mwisho ulioandikwa, tutaliita kitalu. Mahali mipaka hiyo inapoandikwa ni jedwali la vitalu. Yapo majedwali ya aina mbili ambayo msomaji atakutana nayo.

La zamani hujulikana kwa kifupisho MBR. Lilikuja na toleo la pili la mfumo wa DOS mwaka 1983, na lote limo ndani ya sekta namba 0. Kati ya baiti 512 za sekta hiyo, 446 ni za programu ndogo ya kuwashia, 64 ni za jedwali lenyewe, na 2 za mwisho ni muhuri wa kuonyesha kwamba sekta hiyo ni halali. Kila kitalu huandikwa kwa baiti 16. Msomaji akigawa 64 kwa 16 ataona mwenyewe kwa nini vitalu vikuu haviwezi kuzidi vinne. Anayetaka vingi zaidi hulazimika kukifanya kimojawapo kuwa kitalu mzazi, chenye vitalu vingine ndani yake. Tena, kwa kuwa namba za sekta huandikwa kwa biti 32, jedwali hilo haliwezi kutawala zaidi ya terabaiti 2.2 hivi za diski yenye sekta za baiti 512.

La sasa hujulikana kwa kifupisho GPT. Hilo huandika namba za sekta kwa biti 64, kwa kawaida huwa na nafasi za vitalu 128, na nakala yake huwekwa mwishoni mwa diski. Aidha, limewekewa hesabu ya kuhakiki, ili kompyuta iweze kugundua kwamba jedwali limeharibika na kugeukia nakala. Kwa diski isiyo na kitu, ni bora kuchagua GPT, isipokuwa mashine yenyewe ni ya zamani mno na haiwezi kuwaka nalo.

FreeBSD na OpenBSD zina desturi ya ziada. Zinapokaa katika diski yenye jedwali la zamani, huchukua kitalu kimoja na kuandika ndani yake jedwali lao wenyewe, ambamo mafungu hutajwa kwa herufi: a ni mzizi, b ni swapu, na c kwa mapokeo ni eneo zima.

Jambo la kushika ni hili. Kuufuta mstari katika jedwali hakufuti yaliyomo katika kitalu. Kama ilivyokuwa kwa vilima vya Kyerwa, data hubaki ilipokuwa. Kinachopotea ni ujuzi wa mahali ilipo. Ndiyo maana mtu aliyefuta kitalu kwa bahati mbaya hashauriwi kufanya haraka. Aache kuandika chochote katika diski hiyo, na mara nyingi mpaka uliofutwa utaweza kuandikwa upya. Hasara ya kweli huanza kitalu kinapofomatiwa na mafaili mapya kuandikwa juu ya yale ya zamani. Katika diski za vichipu hasara huweza kuja upesi zaidi, kwa kuwa kitendo cha kufomati chaweza kuiamuru diski itupe yaliyomo papo hapo.

MWENDO WA KUWAKA

Ili kuelewa ni vitalu gani vinahitajika, yafaa tufuate mwendo wa kompyuta tangu kitufe kinapobonyezwa.

Programu iliyowekwa kiwandani katika kichipu cha bodi kuu ndiyo inayoamka kwanza. Katika mashine za zamani programu hiyo huitwa BIOS, na kazi yake ni kusoma sekta namba 0 na kuitii. Katika mashine za sasa huitwa UEFI. Hiyo hutafuta kitalu maalumu chenye mfumo wa faili sahili wa aina ya FAT, na ndani yake hukuta faili la programu ya kuwashia. Programu ya kuwashia hupakia kiini cha Unix katika kumbukumbu ya muda. Kiini kikisha kuamka hutafuta kitalu cha mzizi, na kutoka huko husoma orodha ya vitalu vingine vya kuungwa.

Kutokana na mwendo huo tunapata masharti mawili. Mashine ya UEFI haina budi kuwa na kitalu cha FAT cha kuwashia. Na mashine ya BIOS yenye jedwali la GPT huhitaji kitalu kidogo mno, cha megabaiti 1, ambamo programu ya kuwashia iitwayo GRUB huweka sehemu yake isiyotosha katika sekta ya kwanza.

Zamani vitabu vilisisitiza pia kitalu cha /boot mwanzoni kabisa mwa diski. Sababu ni kwamba BIOS za miaka ya 1990 hazikuweza kusoma mbele zaidi ya silinda 1,024 za mwanzo. Kizuizi hicho kimekwisha kuondoka. Leo kitalu cha /boot hutengwa hasa pale mzizi unapofungwa kwa maandishi ya siri, ili programu ya kuwashia ipate kukisoma kiini kabla kufuli halijafunguliwa.

MTI MMOJA, VITALU VINGI

Aliyezoea Windows huona diski zenye herufi, C na D, kila moja peke yake. Katika Unix hakuna herufi hizo. Mafaili yote hukaa katika mti mmoja, na shina lake huandikwa kwa alama ya mkwaju tu: /. Kitalu kingine huunganishwa na mti huo kwa kupachikwa mahali penye folda. Kitalu kikipachikwa penye /home, basi kila kinachoandikwa chini ya /home huingia katika kitalu hicho, na mtumiaji hahitaji kujua kwamba amevuka mpaka.

Desturi hii ilitokana na dhiki. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 mashine ya Thompson na Ritchie ilikuwa na diski za megabaiti chache tu. Programu za mfumo zilipozidi diski ya kwanza, baadhi zilihamishiwa diski ya pili, iliyopachikwa penye /usr na kukusudiwa mafaili ya watumiaji. Watumiaji walihamishwa baadaye, programu zikabaki. Na hadi leo katika kila Unix programu nyingi hukaa /usr, ingawa jina lenyewe lilitokana na watumiaji.

Vitalu vinavyotengwa mara nyingi ni hivi:

Mzizi, yaani /. Humo hukaa mfumo wenyewe na programu zake. Yote hayo yanaweza kupatikana tena kutoka katika flashi ya kusimikia.

/var. Humo hukaa vitu vinavyokua vyenyewe: madaftari ya matukio ya mfumo, foleni za kuchapisha, na aghalabu hifadhidata. Kosa dogo likijirudia mara elfu kwa saa, daftari la matukio huvimba hadi kujaza nafasi yote. Kama /var haikutengwa, huujaza mzizi wenyewe; na Unix yenye mzizi uliojaa huweza kushindwa kuchapisha, kuhifadhi, au hata kumkaribisha mtumiaji wake.

Swapu. Hili ni eneo ambalo kiini huhamishia vitu visivyotumika kwa wakati huo, kumbukumbu ya muda inapobanwa. Halina mafaili ya mtu, wala halihitaji nakala ya akiba. Kompyuta itakayolazwa usingizi huku kazi zake zikihifadhiwa diskini huhitaji swapu isiyopungua kumbukumbu yake ya muda.

/home. Humo hukaa kazi za watu: alama, barua, hesabu, sauti, picha. Hiki ndicho kitalu cha vitu visivyoweza kupatikana tena.

Mkulima wa Kagera hatashangazwa na mpango huu. Yeye hupanda migomba na mibuni katika kibanja kilichozunguka nyumba, na majani ya kutandazia huyakata rweya, kwenye nyasi. Hachanganyi mahali hapo pawili, kwa kuwa kila pamoja pana kazi yake, na uzembe wa mahali pamoja haupasi kuharibu pengine.

MFANO WA MGAWANYO

Tuchukue kompyuta ya mezani, ya shule au ya chama cha msingi, yenye UEFI, diski ya gigabaiti 465 kwa hesabu ya programu, na kumbukumbu ya muda ya gigabaiti 4. Mgawanyo ufuatao utafaa:

Kitalu cha kuwashia (FAT): gigabaiti 0.5
Mzizi /: gigabaiti 40
/var: gigabaiti 20
Swapu: gigabaiti 4
/home: gigabaiti 300
Eneo lisilogawanywa: gigabaiti 100 hivi

Jumla ya vitalu vitano ni gigabaiti 364.5. Zilizobaki, karibu 100, zimeachwa kwa makusudi. Ni rahisi kulipa kitalu ardhi isiyo na mwenyewe. Ni vigumu kumnyang'anya jirani aliyekwisha kujenga. Mwaka utakaoonyesha kwamba /home imejaa, kitalu hicho kitarefushwa kuingia katika eneo hilo la akiba, mradi kiwe kimewekwa mwisho katika foleni ili akiba iwe upande wake wa mkono wa kuume. Mpangilio katika orodha yetu umezingatia jambo hilo.

Kompyuta ikiwa na hifadhidata, yaani kumbukumbu za chama zimo katika programu inayoziweka chini ya /var, basi /var ndiyo iliyo na hazina, nayo ipewe nafasi na ulinzi kama wa /home. Kanuni haifuati majina ya folda. Hufuata thamani ya vilivyomo.

HATUA ZA KAZI

Kwanza, toa nakala ya kila kitu cha thamani kilichomo katika diski, uiweke katika diski nyingine, kisha uichomoe diski hiyo kabisa. Kilichochomolewa hakiwezi kufutwa kwa makosa.

Pili, itambue diski. Linux huiita diski sda, sdb, au nvme0n1. FreeBSD huiita ada0. Flashi ya kusimikia nayo hupata jina la namna hiyo, na mpangilio wa majina waweza kubadilika mashine ikizimwa na kuwashwa. Kwa hiyo usiliamini jina peke yake. Linganisha ukubwa: yenye 465 ni diski, yenye 14 au 29 yaelekea kuwa ni flashi. Katika Linux amri ya lsblk huonyesha zote kwa pamoja.

Tatu, chagua mgawanyo wa mkono badala ya ule wa kutumia diski nzima. Kianzio cha kitalu cha kwanza kiwe sekta namba 2,048, yaani megabaiti 1 kamili kutoka mwanzo. Programu za sasa hufanya hivyo zenyewe. Faida yake ni kwamba mipaka ya vitalu hulingana na vile vipande vya baiti 4,096 vya ndani ya diski, na uandishi hauchelewi.

Nne, soma orodha nzima kabla ya kuidhinisha. Hadi hapo mabadiliko ni ya karatasi tu. Ukisha kuidhinisha, huandikwa diskini.

Tano, baada ya mfumo kusimama, liandike jedwali pembeni. Katika Linux amri ya sfdisk -d, ikifuatiwa na jina la diski, hutoa orodha ya vianzio na urefu wa vitalu vyote. Orodha hiyo haizidi mistari michache. Inakilie katika daftari la ofisi kwa kalamu, na nakala nyingine uibandike ndani ya kifuniko cha kompyuta. Siku jedwali litakapopotea, mistari hiyo ndiyo itakayomwambia fundi mpaka ulipita wapi.

UMEME UNAPOKATIKA

Kwa miaka mingi umeme wa Bukoba na wilaya jirani ulitoka Uganda, kupitia Masaka hadi kituo cha Kyaka. Umeme wowote unaosafiri mbali, ukipita vilima na radi, una siku zake za kukatika. Ukikatika katikati ya kuandika, faili huweza kubaki nusu.

Mifumo ya faili ya sasa, kama vile ext4 ya Linux, hujilinda kwa kutunza shajara. Kabla ya kubadili mpangilio wa mafaili, mfumo huandika katika shajara badiliko linalokusudiwa. Umeme ukirudi, husoma shajara na kumalizia kilichoanzwa au kukiacha kabisa. Lakini shajara hulinda mpangilio. Haiahidi kwamba maneno ya mwisho uliyokuwa ukiyaandika yamehifadhiwa. Hapa ndipo vitalu vinaposaidia tena. Maandishi ya daima ya mfumo hufanyika zaidi katika /var, hivyo uharibifu wa mpangilio aghalabu hubaki humo. Wakati wa kukagua, kila kitalu hukaguliwa peke yake, na kitalu cha /home chaweza kuwa kizima ilhali cha jirani kinatengenezwa.

MTIHANI WA MGAWANYO

Ubora wa mgawanyo haujulikani siku ya kusimika. Hujulikana siku ya kusimika mara ya pili. Baada ya miaka mitatu au minne toleo la mfumo hupitwa na wakati, au mzizi huharibika. Fundi huja na flashi. Kama diski yote ni kitalu kimoja, hana budi kwanza kuhamisha kazi za watu, ikiwa mashine bado inawaka. Kama /home imetengwa, atafomati mzizi na /var, na penye /home ataondoa alama ya kufomati na kuagiza kipachikwe kama kilivyo. Mfumo mpya utaamka na kukuta alama za wanafunzi mahali pake.

Wanafunzi wangu huuliza: je, vitalu vingi havileti usumbufu wa kimoja kujaa ilhali kingine ni kitupu? Naam, huleta. Ndiyo sababu zipo njia za kuzilegeza kuta. Linux ina LVM, inayoweka tabaka la katikati kati ya diski na mifumo ya faili, ili mafungu yaweze kurefushwa hata kwa kutumia sekta zisizofuatana. FreeBSD ina ZFS, iliyoanzishwa na kampuni ya Sun Microsystems, ambamo mafungu yote hunywa kutoka katika bwawa moja na kila moja huweza kuwekewa kikomo. Kwa kompyuta ya mtu mmoja mwenye nakala nzuri za akiba, hata kitalu kimoja cha mzizi chaweza kutosha. Mafunzo haya yanamhusu hasa anayetunza kumbukumbu za wengine.

Jambo la mwisho ni onyo. Kitalu si nakala ya akiba. Vitalu vyote hukaa katika chuma kimoja. Chuma kikifa, kikiungua au kikiibwa, mipaka yote huenda pamoja nacho. Nakala ya akiba ni ile iliyo katika diski nyingine, iliyofungiwa katika jengo jingine, na ambayo mtu amekwisha kujaribu kuifungua na kuyasoma yaliyomo. Ikikosa sharti lolote kati ya hayo matatu, isihesabiwe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini jedwali la MBR haliwezi kuwa na vitalu vikuu zaidi ya vinne? Onyesha hesabu.

2. Diski imeuzwa kama ya gigabaiti 250. Programu inayohesabu kwa mafungu ya 1,024 itaonyesha takriban ngapi?

3. Zahanati ina kompyuta ambayo kumbukumbu za wagonjwa zimo katika hifadhidata chini ya /var. Fundi amependekeza /var ya gigabaiti 10 na /home ya gigabaiti 400. Eleza kasoro ya pendekezo hilo, kisha toa lako.

4. Karani amefuta kitalu cha /home katika jedwali, lakini hajafomati chochote. Taja jambo la kwanza asilopaswa kulifanya, na uonyeshe jinsi daftari la ofisi lingeweza kumsaidia.

5. Ifikie kompyuta yoyote unayoruhusiwa kuitumia, uorodheshe vitalu vyake bila kubadili kitu, na kando ya kila kimoja uandike: kikipotea leo, kitapatikana wapi tena? Kitalu ambacho swali hilo halina jibu ndicho cha kunakiliwa kwanza, kabla jua halijatua.